Shemeji Yuko Angani

Habari ilitoka kwenye redio isiyo na kifuniko, ambayo Waya, fundi wa redio, alikuwa ameipakata akiijaribu. Mtangazaji alisema shirika moja la ndege huko ng'ambo limeanza kuruhusu abiria kupiga simu wakiwa angani.

"Kuishi kwingi ni kuona mengi," akasema Mama Birika, muuza chai. "Sasa hata mawinguni watu watakuwa wanadanganyana wako njiani."

Barazani kwa Sindano, fundi cherehani, wabishi hawakosekani. Siku hiyo mwenyewe alikuwa mlangoni, kainamia cherehani, akishona mfuko wa suruali ya mteja. Aliyeushika mjadala ni Kanda, yule anayeonyesha filamu za mapigano katika banda la video na kuzitafsiri kwa mdomo wake, risasi anatoa yeye, mlango ukifunguka anakoroma yeye.

"Wamechelewa," akasema Kanda. "Kwenye filamu tunapiga simu angani tangu zamani. Juzi nimeonyesha moja, steringi, yaani shujaa mwenyewe, katupwa nje ya ndege, hana parachuti, hana shati. Anadondoka, anampigia mkewe. Wanagombana, wanapatana, wanaagana, ndipo anatua kwenye lori la magodoro."

"Mtandao aliupata?" akauliza Waya.

"Umejaa."

"Mimi hapa chini nikitaka kuongea na mama mkwe napanda juu ya pipa."

"Wewe si steringi. Steringi hafi, na chaji yake haiishi."

"Na lori la magodoro lilijuaje kuwa pale?"

"Waya, wewe ukialikwa kula unauliza sufuria lilinunuliwa wapi."

Waya akaongeza sauti ya redio. "Hao wa ng'ambo wamefunga mitambo maalumu. Ndege ya kawaida, simu ni balaa. Sikilizeni." Akaisogeza simu yake ubavuni mwa redio, akampigia Mama Birika aliyekaa hatua mbili tu. Mtangazaji akamezwa na mlio, ti-ti-ti, trrrr. "Mmesikia? Sasa rubani anaambiwa na watu wa chini apinde kushoto, yeye anasikia trrrr. Atapinda wapi?"

Cherehani ikanyamaza.

"Mke wangu yuko juu," akasema Sindano.

"Tunajua, mzee," akasema Kanda. "Shemeji kaondoka saa nne, mtaa mzima tumemsindikiza. Anakwenda kumpakata mjukuu."

"Nilimwambia asizime simu."

Waya akaizima redio.

"Wakitangaza zimeni, nikamwambia, iingie sikio hili itokee lile. Nikamshonea na mfuko ndani ya gauni, chini ya kwapa, wasiione."

"Lakini kwa nini, baba?" akauliza Mama Birika.

Sindano akamtazama Kanda. "Steringi wote huwapigia wake zao. Miaka thelathini na moja yule mama hajalala mbali na mimi. Nikasema, likitokea la kutokea, angalau tuagane."

Kanda akakuna shingo. "Mzee wangu, nikuambie ukweli. Lugha yao ile siielewi sana. Pengine naongeza."

"Lile la kumpigia mke?"

"Hilo niliongeza. Mle ndani jamaa alikuwa anapiga kelele tu. Hata simu hana. Mkono aliuweka sikioni kwa ajili ya upepo."

Sindano akaitoa simu yake, akaibonyeza mpaka kioo kikawa cheusi. "Akinipigia aikose. Akiikosa ataacha kupiga, rubani asikie vizuri."

"Hapo umefikiri," akasema Waya, mtu mwenye vyeti viwili. Kisha uso ukamshuka. "Ila akikukosa wewe, atanitafuta mimi. Redio yake iko kwangu tangu mwaka juzi." Akazima ya kwake. Kanda naye, kwa aibu, akazima.

"Mimi sizimi," akasema Mama Birika. "Watu wananipigia wanataka chai. Na sijawahi kuangusha ndege."

Ndege ilikuwa itue saa saba. Saa saba ikafika, ikapita. Sindano akagundua mfuko wa suruali ameushona pande zote nne, hauingii hata kidole. Akaanza kuufumua.

"Washa basi," akasema Waya.

"Na ikiwa imechelewa? Ikiwa bado wanazunguka huko juu?"

"Steringi ha..."

"Kanda, kunywa chai," akasema Mama Birika.

Saa saba na nusu simu ya Mama Birika ikaita. Akaitazama, akamnyooshea Sindano. Sindano akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Muulize kwanza yuko juu au chini."

"Dada, uko juu au chini?" Mama Birika akasikiliza. "Yuko chini. Anasubiri begi lake."

Sindano akaifuta mikono kwenye mapaja, akaipokea. Sauti ya mkewe haikuhitaji spika.

"Nimefika salama. Yule binti wa ndege aliposema zimeni, nilizima kabla hajafunga mdomo. Nani akusikilize wewe? Nimelala njia nzima. Sasa ni nusu saa nakupigia, hupatikani. Nampigia Waya, hapatikani. Kanda naye hapatikani. Hebu nieleze, mume wangu, kati yangu na ninyi, nani aliyepanda ndege?"

Waya na Kanda wakageuka, wakaitazama barabara iliyokuwa haina kitu. Sindano akakaa kwenye ukingo wa baraza.

"Ni sisi, mke wangu," akasema. "Ndiyo kwanza tunatua."