Mabuti ya Kulia Hayana Bei

Jumatatu, 6 Agosti 1956, Baraka

Mama mkwe amekuja asubuhi, hata chai hajagusa. Duka ni lake, mimi ameniachia ufunguo kwa kuwa nimemwoa binti yake, Adolphine. Akatazama rafu. Mabuti ya mpira niliyonunua Uvira yamejaa mpaka dirishani. Akasema Jumapili baada ya misa akiyakuta bado, ufunguo anampa shemeji yangu Casimir. Casimir! Mtu asiyejua hata kufunga gunia!

Adolphine anasema nipeleke mabuti Bibokoboko kwa wenye ng'ombe, kule juu kuna tope na baridi. Adolphine hajui biashara.

Jumanne, 7 Agosti

Nimepata! Huku ukimuuzia mtu chumvi bila kumwongezea matabishi, kitu cha bure juu yake, anakutukana sokoni. Basi kila anayenunua chumvi, matabishi yake ni buti moja. La kushoto. La kulia atarudi kulinunua. Ataenda wapi na mguu mmoja? Nimecheka peke yangu mpaka Adolphine akauliza kama nina homa.

Jumatano, 8 Agosti

Duka limejaa! Wavuvi wamekuja na mitumbwi kutoka Ubwari. Chumvi inatoka, mabuti ya kushoto yanatoka. Casimir kasimama mlangoni kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Raha!

Alhamisi, 9 Agosti

Hakuna aliyerudi. Nikashuka ziwani kuuliza. Yesu! Mabuti wanachotea maji ya mtumbwini! Papa Fabien, mvuvi mzee, kanionyesha kwa furaha: eti buti iko muzuri kuliko kopo, haipigi kelele, samaki hawakimbii. Nikamuuliza habari ya la kulia. Naye akaniuliza mtumbwi wake una miguu mingapi.

Ijumaa, 10 Agosti

Kamanzi, mfugaji, ameteremka kutoka Bibokoboko kutafuta chumvi ya ng'ombe. Kaona mabuti, uso ukang'aa. Anataka jozi za nyumba nzima, na analipa! Nikampa la kulia. Akavaa. Akaomba la kushoto, nami yote nimeshayagawa. Nikamshauri aanze na hilo kwanza. Alinitazama kwa upole, akavua, akachukua chumvi yake, akaaga. Adolphine akamsindikiza mpaka barabarani.

Jumamosi, 11 Agosti

Kesho ni misa! Nikapiga kelele sokoni: mabuti ya kulia, bei ya chini! Mama Pulchérie, muuza samaki, akaniuliza mbele ya watu wote: Papa Roger, tangu lini matabishi iko na bei? Soko zima likacheka. Aibu! Nikayagawa yote na chumvi ya mwisho, mawili mawili.

Jumapili, 12 Agosti

Mama mkwe kaona rafu tupu. Akanishika mkono, akaniita mwanangu! Machozi yalinitoka. Ufunguo umebaki kwangu. Akasema pesa ya chumvi ninunue chumvi. Nikaitika ndiyo mama, ndiyo mama.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimerudi kutoka Uvira na lori. Nimeleta mabuti, mara mbili ya yale! Kitu kilichoisha kwa siku nne utakiachaje? Tena safari hii hawanipati, nimegeuza mambo: buti ndilo linauzwa, chumvi ndiyo matabishi. Chumvi yenyewe sina. Ila Casimir kafungua meza ng'ambo ya barabara, anauza chumvi tupu, maskini, watu wamempangia mstari. Kesho nitamwomba anigawie magunia mawili. Na yeye nitamwachia buti, la kushoto.