Udi wa Bi Khole na Mtambo wa Rusayl

Jumamosi, 2 Oktoba 1999

Siku njema, hatimaye! Mudiri, mkuu wetu wa kazi, ametukusanya kiwandani Rusayl na kutangaza kwamba mtambo mpya unataka msimamizi. Tunaogombea ni wawili, mimi na Ghanim. Mimi nina kipaji. Ghanim ana ufunguo wa kabati la spiriti na tabia ya kufika mapema, basi.

Mtambo wenyewe ni wa ajabu. Unachukua gesi ileile ya kwenye soda, unaibana na kuipasha moto mpaka inafika mahali si gesi wala si maji. Joto linalotakiwa si kubwa, hapa Maskati unalipata barazani. Gesi hiyo inapenya kila tundu na kutoka na mafuta ya ubani. Ukifungua valvu, gesi inaruka zake na mafuta yanabaki chupani.

Mudiri kasema ubani tumeshauzoea. Atakayekuwa wa kwanza kutoa mafuta ya udi ndiye msimamizi. Udi wa kiwanda utafika mwezi ujao. Ghanim anajua kungoja. Mimi sikuzaliwa na kipaji hicho.

Udi upo nyumbani. Mama anao.

Jumatatu, 4 Oktoba

Si wizi. Naanza kwa kuliandika hilo.

Mama, Bi Khole, amelala chumba cha nyuma, hapa kwetu Sib. Moyo umechoka. Daktari amesema tumpe kila anachotaka, na anachotaka ni kimoja tu: siku yake ikifika, sanda yake ifukizwe kwa udi wa harusi yake. Alipokimbia Unguja mwaka wa sitini na nne aliacha nyumba na kila kilichokuwamo. Alitoka na mimi, na mdogo wangu Nunu mgongoni, na kipande hicho cha udi ndani ya kanga. Tangu hapo kimekaa kashani pamoja na sanda, pamba na karafumaiti.

Nimekichukua akiwa amesinzia. Mpango ni safi. Nusu ya mafuta nimwonyeshe mudiri, nusu siku hiyo apakwe Mama. Mafuta ni udi uleule, umevuliwa mbao tu. Kwa hesabu yangu Mama anapata faida.

Nimekisaga kwa mashine ya kahawa, maana gesi inataka pa kupenya. Kilikuwa kigumu, mashine ikalia kama mbuzi. Nilipofungua kifuniko hakukuwa na kipande tena, unga mtupu.

Jioni Nunu akasema kahawa ina ladha ya msikiti. Nikamwambia ni iliki mpya.

Jumatano, 6 Oktoba

Wenzangu walipokwenda kula, nikautia unga mtamboni. Nikabana gesi, nikapasha, nikangoja, nikafungua valvu. Matone. Mepesi, hayafuniki hata kitako cha chupa. Udi wote umegoma ndani.

Ghanim akatokea. Nikamwambia najaribu ubani wa zamani. Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba mafuta mazito, yale yasiyopaa hata uyachemshe, hayatoki kwa gesi peke yake. Lazima spiriti kidogo ipigwe pampu pamoja na gesi, ndiyo inayoyashika mkono na kuyatoa. Spiriti safi, alikazania hilo. Akasema ufunguo anao, niombe tu.

Niombe! Halafu kiwanda kizima kiseme Ghanim ndiye aliyetoa mafuta. Nikamshukuru kwa meno.

Jumamosi, 9 Oktoba

Niliamka na jawabu: kolonya! Ile ambayo kinyozi anakupiga nayo shavuni akishamaliza. Karibu yote ni spiriti, na manukato yamo humo humo. Nimenunua chupa kubwa sokoni Sib na kuimimina kwenye pampu.

Mafuta yakaja. Mazito, ya manjano, mengi. Karibu nipige vigelegele. Nikaipeleka chupa kwa mudiri mbio, na Ghanim yupo, ili aone.

Mudiri akafungua, akanusa, akaniuliza nimenyolewa wapi.

Ilikuwa limau. Udi ulikuwemo, lakini mbali, kama mtu anayeita kutoka nyumba ya tatu. Mudiri akasema spiriti unaweza kuipasha ikapaa, ila manukato ya kinyozi nayo ni mafuta, yameshachanganyika na mafuta ya udi na hakuna wa kuyatenganisha tena. Ghanim hakucheka. Alitazama chini, na hilo ni baya zaidi. Sasa mabomba yote yananuka limau. Ghanim kapewa kazi ya kuusafisha mtambo, mimi nimshikie ndoo.

Nimeurudisha unga uliobaki kwenye kanga ya Mama. Kwa macho haukupungua. Nilichochukua ni harufu tu.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mama ameamka na nguvu kidogo. Akaomba afukiziwe chembe ya udi wake, aukumbuke. Nunu akanyanyuka kwenda kashani. Nikamwahi, nikasema kaa dada yangu, umechoka, nitafanya mimi. Nunu akanitazama kwa shukrani, jambo ambalo lilinitia homa.

Nikaweka ncha ya kijiko cha unga kwenye kaa. Moshi ukapanda. Nikaomba Mungu pua ya Mama iwe imechoka pamoja na moyo wake.

Akavuta. Akafumbua macho. Akasema, "Musallam, mwanangu, nnasikia harufu ya kinyozi."

Nikasema ni dawa za hospitali, zinaharibu pua. Akavuta tena. Kisha akaniuliza kama nimeuuza udi wake. Nikamwapia kwamba sikuuza. Na kweli sikuuza. Akanipapasa mkono, akasema vyema, basi, ndiyo uzee. Akageukia ukutani.

Jumatano, 13 Oktoba

Mama amefariki baada ya alfajiri. Innalillahi. Nunu alikuwa naye. Mimi nilikuwa msalani, nikipanga maneno ya kumwambia.

Shangazi, Bi Mahfoudha, ndiye muoshaji. Akafungua kasha, akafungua kanga, akauliza huu unga ni nini. Nikasema udi ukizeeka huvunjika. Akanijibu kwamba udi wa wifi yake anaujua, na ulikuwa na ugumu wa jiwe. Hata hivyo akaweka kidogo kwenye chetezo. Chumba kikanuka limau. Wanawake wakatazamana. Shangazi akakitoa chetezo nje kwa mikono yake, akasema maiti hafukizwi spiriti.

Nunu akaja mpaka nilipokuwa nimesimama. Hakupiga kelele. Aliniuliza Mama alijua au hakujua. Nikasema hakujua. Akasema mimi ni mwongo tangu utotoni, lakini hili atajilazimisha kuliamini, kwa sababu hana lingine.

Mazishi yalikuwa baada ya adhuhuri, na joto hili halikuruhusu kungoja mtu aende Matrah kununua udi mwingine. Ghanim akaja kutoa pole. Akasikia kuna upungufu, hakuuliza sababu. Akarudi kwao mbio, akaja na vipande vya udi wa nyumbani kwake, akampa Nunu. Mama akafukizwa kwa udi wa mtu baki.

Tulipomwinua nilikuwa mbele, jeneza begani, na harufu ikaniingia yote. Ulikuwa udi mzuri mno. Nilimchukia Ghanim kwa moyo wangu wote.

Jumamosi, 23 Oktoba

Nimerudi kazini. Ghanim ndiye msimamizi, kwa majaribio, mudiri alivyosema, mpaka udi wa kiwanda ufike. Kwa majaribio. Nimelizingatia neno hilo.

Nunu hasemi nami. Ananiwekea sahani mezani, anaifunika, anakwenda zake. Leo katoka kwenda kwa Shangazi, nikaingia chumba cha Mama. Godoro limeshaondolewa, kimebaki kitanda cha kamba. Nikakaa pale nikalia kilio cha kweli, mpaka kifua kikauma. Nilimtaka Mama. Nilitaka anitukane.

Nilipokuwa nafuta machozi, kosa likanijia wazi kabisa. Limau! Gesi haikuwa na kosa, wala udi, wala mimi. Dukani pana spiriti nyeupe ya kusafishia vidonda, haina manukato. Tone moja la mafuta safi ya udi mezani kwa mudiri, na majaribio ya Ghanim yamekwisha.

Ule udi wa Ghanim haukuchomwa wote. Nunu amekiweka kipande kimoja kabatini kwa khitma ya arobaini ya Mama. Kabati halina kufuli. Nitachukua nusu tu, na siku ya khitma nitakuwa wa kwanza kufika.

Mama angekuwapo angenipa chote. Hajawahi kuninyima kitu.