Ukuta wa Nne wa Jiko

Jumatatu, 7 Agosti 1967

Katapila limefika! Lina mkono mrefu wa chuma, na mwisho wa mkono ndoo yenye meno. Limesimama mbele ya godauni la zege, lile la ghorofa tatu lililojengwa wakati wa vita, mgongoni mwa nyumba yangu. Nyapara wao, Kaingu, kasema kuanzia Alhamisi litavunjwa lote.

Lote! Hajui kuwa ukuta mmoja wa jiko langu ni wa godauni. Nilipojenga jiko nilijenga kuta tatu, wa nne nikauazima. Nani ajenga ukuta mbele ya ukuta? Lakini Mwanakuu, mke wangu, nilimwambia nimejenga zote nne. Godauni likianguka, jiko litabaki wazi, na vibarua watamwona akikuna nazi kichwa wazi. Sitara imekwisha! Siku hiyo hiyo atarudi mtaa wa Kuze kwa mamake. Bi Tumu, mkwe wangu, aingoja siku hiyo tangu harusi.



Jumanne, 8 Agosti

Nimepata! Nilikwenda barazani kwa Taib, jirani yangu auzaye kahawa. Taib hana kifua. Mwambie siri, na kabla hujamaliza kikombe imeshafika Ngome ya Yesu. Nikamnong'oneza kuwa godauni lina jini mkali asiyetaka kelele. Taib akasema yeye amjua jini huyo kabla yangu. Mwongo mkubwa! Nilimzua mwenyewe leo asubuhi nikinywa uji.

Jumatano, 9 Agosti

Kitsao, dereva wa katapila, kagoma. Vibarua wote kivulini. Nilirudi nyumbani nikiimba, wala sikumaliza ubeti. Kaingu kabisha hodi, kavua kofia, kaniamkia kwa adabu zote. Kasema kwao Giriama mahali penye mwenyewe hapavunjwi bila mwenyewe kuombwa radhi. Na kwa kuwa Taib kamwambia jini yule mjuzi wake ni mimi, kesho niingie na ubani, nimwombe ahame.

Nikasema nina homa. Kasema ataningoja nipone, mpaka kesho asubuhi.

Taib! Jana jini alikuwa wake, leo wangu peke yangu! Na mimi naogopa. Najua jini wangu ni wa uongo. Lakini je, kama godauni mlikuwa na mwingine wa kweli tangu zamani, naye kakasirika kusingiziwa?

Alhamisi, 10 Agosti

Niliingia godauni na chetezo cha ubani. Giza. Popo. Nikapiga hodi, sauti ikatoka kama ya kifaranga. Nikapiga tena. Mara sakafu ikatikisika, kukatoka mngurumo ambao sijausikia maishani. Nikatupa chetezo! Nilipita katikati ya vibarua sikuona mtu, nikaingia jikoni kwangu nikajibanza nyuma ya pipa la maji.

Kumbe ni katapila. Kitsao aliliwasha ili ajipe moyo.

Lakini Taib alikuwa keshapanda juu ya kigoda, atangaza mtaa mzima kuwa jini kanifuata mimi Faraj mbio, kaingia jikoni kwangu, yeye kamwona kwa macho yake mawili. Mwanakuu alisikia akiwa chumbani. Akavaa buibui, akatokea mlango wa mbele, huyo Kuze! Vibarua nao wakashangilia, maana godauni sasa halina mwenyewe.

Wakaanza kazi mimi nikiwa bado nyuma ya pipa. Masufuria yalicheza. Chokaa ikaninyeshea. Nilisoma kila aya ya Kurani niliyofundishwa chuoni, nyingine nusu. Kisha ukuta ukapasuka, mwanga ukaingia, na meno ya ndoo yakasimama mbele ya pua yangu. Nyuma yake uso wa Kitsao. Tulipiga ukelele pamoja.

Ijumaa, 11 Agosti

Baada ya sala nilikwenda Kuze kumrudisha mke. Bi Tumu alizungumza nami nyuma ya mlango. Kasema niape kwamba jikoni hamna jini, nimchukue mke wangu sasa hivi. Neno moja tu!

Lakini kama hamna jini, ukuta kauvunja nani? Nikaapa kuwa yumo, na kwamba kavunja ukuta nilioujenga kwa mikono yangu hii. Bi Tumu kasema basi nikakae na jini wangu.

Nimetundika leso mbili palipokuwa na ukuta. Upepo wazichezea. Kitu kimekohoa upande wa pili. Sikuuliza nani.

Jumamosi, 12 Agosti

Namhitaji mke wangu. Nyumba bila Mwanakuu yatisha kuliko katapila. Asubuhi nikamnong'oneza Taib kuwa jini kahama, kwangu hakupapenda, sasa yuko Kuze nyumbani kwa Bi Tumu.

Kabla ya adhuhuri Mwanakuu huyo mlangoni, atweta! Alhamdulillahi! Nilitaka kulia. Kisha nyuma yake nikamwona Bi Tumu. Nyuma ya Bi Tumu hamali na mkokoteni, na juu ya mkokoteni kitanda, sanduku na paka. Bi Tumu kasema Kuze harudi tena maadamu jini yule yu hai. Akaziinua leso, akamtazama Kitsao juu ya katapila, akanitazama mimi. Kasema yeye na bintiye watalala chumbani, mimi jikoni.

Basi niko jikoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, na kila ndoo ikishuka nayashika masufuria yasianguke. Bi Tumu yu chumbani akohoa kama mwenye nyumba. Naogopa kupita mlangoni pake. Lakini nimeshapata dawa. Kesho mapema nitakwenda kwa Taib, nimnong'oneze kuwa jini kachoka na Kuze, karudi kwangu. Bi Tumu hatalala hapa hata usiku mmoja zaidi.

Nimelifikiria kila upande. Sioni kasoro.