Siku Nilipoinuka Kitini Mara Mbili

Sogeeni, enyi mliowahi kusimama penye foleni, penye maziko, na penye baridi ya Januari mkisubiri gari liwake, mkadhani mmekwisha kuijua maana ya kusimama. Fungeni milango, wanyamazisheni mbwa, nami nitawahadithia namna mja mmoja alivyoinuka kutoka kiti chenye mto wa kijani, akiwa na suruali iliyombana na goti bovu, na nchi nzima ya Kanada ikatikisika kwa muda wa nukta nne. Mja huyo ni mimi. Nisipojisifu mwenyewe hakuna atakayenisifu, maana mke wangu amekataa.

Mimi ndimi Orest mwana wa Petro, wa ukoo wa Baraniuk walima ngano, Fahali wa Viti vya Nyuma, Mgonga Meza Asiyechoka, mbunge wa nyanda za Saskatchewan kwa miaka kumi na mitatu. Katika miaka hiyo chama kiliposema simama, nilisimama. Kiliposema keti, niliketi. Kiliposema cheka, nilicheka kabla ya mzaha kwisha. Bendera hufuata upepo, nami nilikuwa bendera iliyofuliwa na kupigwa pasi.

Ndipo serikali, yaani chama changu, ikaazimia kuzifunga posta za vijiji, na miongoni mwazo posta ya Veselka, kijiji nilichozaliwa. Wapinzani wakaleta hoja bungeni ya kuzinusuru. Shangazi yangu Stefka, Mlinzi wa Muhuri, aliyeitunza posta hiyo miaka thelathini na minane, akatangaza vita. Barua kwa mbunge haihitaji stempu, na Veselka iliitumia haki hiyo bila huruma: kila kaya iliniandikia, na zote ziliuliza nimekula nini huko Ottawa hata nikasahau kwetu. Shangazi mwenyewe alipiga simu. Akaniambia kwamba posta ikifungwa wazee wataendesha kilomita sitini thelujini kufuata dawa zao, na kwamba wasipoonana posta asubuhi hawatajua nani kafa.

"Sikuombi ushinde, Orest," alisema. "Hesabu zenu nazijua. Nataka usimame tu, watu wakuone."

"Shangazi, chama kina taratibu zake."

"Na mimi ninazo zangu. Nepi zako nilizifua mimi."

Siku ya kura ikawadia. Kengele za Bunge zikalia nusu saa nzima, kama ilivyo desturi, nami nikaitwa mbele ya mnadhimu wa chama, Gwyneth Ashdown, Mchungaji wa Kura, ambaye orodha yake haijapata kupungua jina. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alinimiminia kahawa, akanikumbusha kwamba nafasi yangu katika kamati ya kilimo ni hisani, na kwamba fomu yangu ya kugombea tena husainiwa na kiongozi wa chama, ambaye mkono wake huweza kushikwa na ganzi ghafla.

"Hoja itaanguka, Orest, usimame usisimame," alisema. "Sasa unataka kufa kwa ajili ya nini?"

Nikamwambia kahawa yake ni nzuri.

Nyuma ya viti vyetu kuna mapazia mazito, na tangu kale mbunge aliyebanwa baina ya chama na kwao hujitoma humo mpaka kura ipite, kisha hutoka akisema alikuwa kwenye simu. Shujaa wenu akaliendea pazia kwa mwendo wa kivita. Akakuta pamejaa. Mbunge mwenzangu wa Manitoba alikuwamo, na mwingine wa New Brunswick, wamebanana hata pumzi hawapati, wakaniashiria nitafute pangu. Nikarudi kitini kwa kukosa pa kwenda.

Spika akawaita wanaoikubali hoja. Ng'ambo ya ukumbi wapinzani wakainuka mmoja mmoja, karani akiwataja majina. Walipokwisha, karani akatazama upande wetu. Hapo, enyi wasikilizaji, nikaishika meza. Nililiamuru goti la kulia, likaasi. Nikaliamuru la kushoto, likatii. Nikasimama, peke yangu, katikati ya wenzangu walioketi. Karani akalitaja jina langu kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa. Nikaketi nimelowa jasho, nikijiona mfalme.

Lakini mazoea yana taabu. Spika akawaita wanaoipinga, mstari wetu ukaanza kuinuka, jirani yangu akasimama, akaketi, na miguu yangu, iliyofunzwa miaka kumi na mitatu, ikaninyanyua tena pasipo kuniuliza. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mheshimiwa amesimama pande zote mbili," alisema Spika. "Atuambie, kura yake tuihesabu wapi?"

Mnadhimu akageuka, akanitazama kwa upole. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi: ningesema ile ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, na kila mtu angeniamini, hata shangazi. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Mheshimiwa Spika," nilisema, "ya kwanza ni yangu. Hii ya pili ni ya chama, naomba kuirudisha."

Hoja ikaanguka kwa kura ishirini na mbili. Kamati ya kilimo niliipoteza kabla ya chakula cha jioni.

Mwezi wa Machi, siku ya mwisho ya posta, nilifika Veselka. Hakuna aliyenipigia ngoma. Watu walikuwa wakila perohy, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi, ukumbini mwa kanisa, nikaambiwa zilizobaki ni zilizopasuka. Shangazi akaja, akanitia ufunguo mkononi.

"Kafungue sanduku la baba yako," alisema.

Baba amefariki miaka sita sasa, lakini shangazi hajapata kufuta jina la marehemu yeyote. Katika kila sanduku la barua mle posta, la aliye hai na la aliyekufa, alikuwa ametia ukurasa mmoja wa kumbukumbu rasmi za Bunge. Katika ule wa baba, jina langu lilizungushiwa wino mwekundu, na pembeni ameandika: "Petro, mwanao amesimama. Amechelewa, lakini amesimama." Chini yake amegonga muhuri wa Veselka, na tarehe yake.

Basi waandikao tarikhi za mataifa na waandike: vita tulishindwa, ngome ikafungwa, na habari za Fahali wa Viti vya Nyuma ziliwafikia walio hai na wafu kwa siku moja, bila kuchelewa. Mimi nililia pale pale, mtu mzima, mbele ya watu walionipigia kura. Kisha nikaikunja ile karatasi nikairudisha sandukuni, kwa kuwa haikuwa barua yangu.