Mhuri wa Ofisi ya Moshi

Uliuona ule moshi, usinidanganye. Ulipita sokoni kwetu, upande wa Mutomo, ukafunga dirisha la gari, ukasema hawa watu wamezoea. Mimi nakumbuka. Ilikuwa Agosti mwaka jana, themanini na saba, na nakumbuka vizuri ni nani alikuja kututetea: mwizi.

Tanuri la chokaa lilikuwa la mzee Muthama. Kuni zikiadimika, alichoma magurudumu makuukuu ya malori. Hakuna aliyemlaumu, maana chokaa ya kupaka kanisa aliitoa bure. Kanisa likawa jeupe, makohozi yetu yakawa meusi, na kila Jumapili tukamwombea baraka.

Tapeli Kisilu alishuka hapo siku ya soko, akakohoa mara mbili, akatabasamu. Sisi tuliona moshi. Yeye aliona ng'ombe.

Kesho yake alirudi na kofia ya kaki na barua yenye mhuri mwekundu: OFISI YA MOSHI.

"Mzee, malalamiko yamefika Nairobi," alimwambia Muthama kwa huzuni.

"Nani amelalamika?"

"Hiyo ni siri ya serikali."

"Sasa nifanye nini?"

"Upate cheti. Nikiandika hewa yako ni safi, hakuna atakayekugusa."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi? Sitaki kitu. Ila cheti kinataka ndume. Yule mwekundu."

Muthama alikubali, lakini akadai ushahidi wa kuonyesha watu. Hivyo Kisilu, aliyechukia kazi maisha yake yote, akalazimika kuifanya. Alitundika kitambaa cheupe cha marikani mbele ya kibanda cha chai cha Syombua, mkabala na tanuri.

"Zima moto siku kumi," alimwambia Muthama. "Kitambaa kikibaki cheupe, cheti ni chako. Kisha uwashe hata mlima."

Syombua aliiomba ile barua. Aliisoma polepole, akautazama mhuri kwa muda. Kisha akaondoa msumarini kitambaa chake cha kufunikia mandazi, marikani hiyo hiyo, kilichokuwa kimening'inia hapo siku kumi. Hakukifua. Alikikunja akakiweka.

Binti yake Muthoki, miaka minne, alikuwa akilala ameketi, ameegemea kifua cha mama, kwa sababu akilazwa hapumui. Tanuri lilizimwa Jumatatu. Ijumaa alilala chali mpaka asubuhi. Zahanati nayo benchi likabaki nusu tupu, daktari akapata nafasi ya kusoma gazeti.

Siku ya kumi soko zima lilikusanyika. Kitambaa kilikuwa cheupe pe. Muthama alikuwa amemleta ndume. Kisilu akainua kalamu.

"Ngoja, bwana afisa," Syombua akasema, akatandaza kitambaa chake kando ya kile. Cheusi tititi. "Hiki ni cha siku za moshi. Hicho ni cha siku tulizopumua. Tuandikie vyote viwili."

"Mama Muthoki, hicho chako hakina mhuri."

Syombua akamsogelea, akanong'ona: "Mhuri wako umechongwa kwa kandambili, una tundu katikati pale ukanda hupita. Andika tanuri lihamie ng'ambo ya kilima, na magurudumu marufuku. Ama nimwite askari wa chifu aje kupima mguu wako."

Kisilu akaandika. Akasoma kwa sauti, watu wakapiga makofi. Muthama akaogopa serikali, akamrudisha ndume nyumbani. Afisa wetu aliondoka kwa miguu, akinung'unika kwamba watu wa huku si waaminifu.

Tanuri lilihama. Miezi kumi na mmoja tulipumua kwa amri ya uongo, kwa sababu amri ya kweli hatujawahi kuandikiwa. Kisha Muthama akaenda Kitui, akauliza Ofisi ya Moshi iko wapi. Makarani walicheka mpaka wakalia. Wiki hiyo hiyo moto ukarudi sokoni, magurudumu na yote.

Muthoki analala ameketi tena.

Baraza la chifu ni kesho saa tatu asubuhi. Muthama atakuwa kiti cha mbele. Njoo na kifua chako, usimame mbele yake, umwambie: zima.