Naomba Mfute Jina la Binti Yangu kwenye Orodha ya Mwamba wa Mbali

Chumba namba kumi na nne,
Ghorofani, karibu na kabati la mashuka.
Jumatano, baada ya chai ya asubuhi.

Ndugu Meneja wa Hoteli,

Salamu nyingi zikufikie hapo ofisini kwako, wewe pamoja na feni yako ambayo nimeiona inazunguka huku inalia. Mimi sijambo, ila moyo. Mume wangu niliyemwacha nyumbani anakusalimu. Hakujui, lakini angekujua angekusalimu. Wifi yangu anayemwangalia asije akaunguza jiko anakusalimu. Mwanangu wa kwanza, kinyozi, anakusalimu, pamoja na mkewe na mapacha wao ambao wana mafua. Jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyebaki na funguo, naye anakusalimu, na alisema nichunguze kama kweli mashuka mnabadilisha kila siku. Mnabadilisha. Mimi ni dobi wa hospitali kwa miaka ishirini na sita, na upande wa mashuka sina neno nanyi. Neno langu liko baharini.

Shule niliishia darasa la nne. Kwa hiyo pale nitakapokosea uniwie radhi, ila pale nitakapokuwa mkali ujue nimekusudia.

Binti yangu, kitindamimba, ni fundi wa umeme. Kazini kwao wamemchagua mfanyakazi bora, wakampa zawadi ya siku saba hapa kwenu, watu wawili. Angeweza kuja na yeyote. Akaja na mimi. Sasa tangu Jumapili amevaa vifaa vyenu vya kuchungulia chini ya maji, uso umezama majini, mgongo uko juu, kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Na jana nimeliona jina lake kwenye ubao wa mapokezi: kesho Alhamisi, kwa boti, Mwamba wa Mbali. Naomba jina hilo lifutwe. Sababu zangu ni hizi.

1. Miwani yenu ya maji inaziba pua. Mwalimu wenu wa kuogelea, yule bwana mwenye masharubu, nilipomuuliza alinijibu, "Mama, huku tunapumua kwa mdomo." Mimi nimelea watoto wanne nikiwaambia wafunge midomo wapumue kwa pua. Miaka yote hiyo, anakuja bwana mmoja mwenye kaptula anaifuta kwa siku moja.

2. Mrija wa kupumulia uko wazi juu. Nimeuchungulia nikaona mawingu. Mvua ikinyesha je? Ndege akipita je? Hata birika lina kifuniko.

3. Kutema mate. Nimeona kwa macho yangu mwalimu akiwaagiza watu wazima, akiwemo hakimu mstaafu wa chumba cha kumi na moja, wateme mate kwenye kioo cha miwani na kuyasugua kwa kidole, eti kioo kisiingie ukungu. Halafu wavae usoni! Ndugu Meneja, jana mchana wageni walipolala nilichukua kikapu kizima, nikafua miwani kumi na moja kwa sabuni, nikaianika kwa vibanio. Mirija nayo nikaichemsha dakika ishirini, kama tunavyochemsha vitu vya wodini, katika sufuria niliyoiazima jikoni kwenu nikasema ni ya mayai. Kwamba sasa mirija mitano imepinda, na mmoja unampumulia mtu sikioni mwake mwenyewe, hilo ni kosa la mirija. Vya hospitali havipindi.

4. Mapezi ya miguuni. Mtu akiyavaa hawezi kwenda mbele, na mwalimu anawafundisha kuingia baharini kinyumenyume. Yaani mtu anaipa bahari mgongo. Mimi hata mbuzi simpi mgongo.

Namba tano nimeiruka, nitairudia nikipata nguvu.

6. Mahali mnapopaita pa wanaoanza, ile ghuba ndogo mbele ya jikoni. Kibao kinasema maji ni ya magotini. Magoti ya nani? Mimi na binti yangu tu tunapishana kichwa kizima. Basi Jumatatu, kwa ajili ya usalama, nilimfunga kiunoni kamba ya kuanikia nguo, nikakaa mchangani nahesabu. Nikifika ishirini hajainua uso, navuta. Nilivuta mara tisa akaja yeye. Mara ya kumi akaja hakimu. Kamba ilikuwa imemzunguka mguu, akafika kwangu kinyumenyume, pezi moja halipo, akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, mimi si wako." Nilimwomba radhi nikamkausha kichwa. Sasa kama hapa penye maji ya magotini nimemvuta hakimu, huko Mwamba wa Mbali nitamvuta nani?

7. Samaki. Kila anayetoka majini nimemuuliza alifuata nini, na wote wamejibu samaki. Nauliza kwa heshima: kati ya mtu na samaki, nani anajua kuogelea? Kwa nini basi asiyejua ndiye amfuate anayejua? Hoteli ina bwawa zuri la vigae, lina ngazi na vyuma vya kushika. Waleteni samaki bwawani, saa nne hadi saa sita, wageni wakae kwenye viti. Kama haiwezekani, basi bahari ipunguzwe. Nimeona kila alasiri inapungua yenyewe bila kuambiwa na mtu, kwa hiyo uwezo upo. Kinachokosekana ni usimamizi.

5. Hii ndiyo niliyoiruka. Leo kwenye chai binti yangu ameniambia, "Mama, nina miaka thelathini na moja. Napanda nguzo mvua inanyesha." Nikamwambia, "Nguzo ina pa kushika. Bahari ina pa kushika?" Akakoroga chai yake ambayo haina hata sukari. Akasema, "Tumekuja wawili, mama. Kila siku naingia peke yangu, wewe kazi yako kunihesabu." Akanyanyuka. Yai lake hakulimaliza. Hilo nalo naliandika kama lalamiko, ingawa sijui namlalamikia nani.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, naomba jina lake lifutwe kabla ya saa kumi na mbili jioni, na mwalimu amwambie tu kwamba boti imejaa. Nisalimie dada wa mapokezi, watunza bustani, na wapishi wote. Sufuria yao iko chini ya kitanda changu, inang'aa. Msalimie hakimu na mguu wake. Msalimie hata mwalimu na masharubu yake.

Ni mimi mwenye wasiwasi na heshima,
Mama wa Fundi Umeme.

Nyongeza: Barua ilikuwa imeshakunjwa, nikaona si haki kulalamikia kitu ambacho sijakijaribu, ungeniuliza ushahidi ningesema nini? Nikashuka ghubani. Nilivaa miwani juu ya kilemba, maji yakaingia yote. Binti yangu akaniona, akaja mbio, akanisogezea kitambaa nyuma: "Mpira uguse ngozi, mama." Kioo kikaingia ukungu. Nikatema mate. Mara mbili.

Ndugu Meneja, alikuja samaki wa njano mwenye mistari, mdogo kama kibanio cha nguo, akasimama mbele ya kioo akanitazama kama muuguzi mkuu anavyokagua shuka. Nikacheka ndani ya mrija. Umewahi kucheka ndani ya mrija? Unatoa mlio kama honi ya lori. Maji yakaingia, nikapiga kelele nazama, nikasimama: maji yalikuwa magotini. Magotini kwangu. Tukainama tena, na nimeona kwamba bahari ina pa kushika, maana alinishika mkono muda wote. Hakuna aliyehesabu.

Samaki waacheni walipo. Jina la binti yangu msilifute, ila chini yake andikeni "na mama yake", na mnitafutie mrija ambao haujachemshwa. Nijibu upesi sana, kwa kuwa nimekaa kwenye ngazi ya kwanza, mapezi nimeshayavaa, na kupanda ghorofani kinyumenyume mwalimu bado hajatufundisha.