Kamati ya Kuoanisha Ufasaha wa Kirumi

Wananchi wote wa Ufipa, wakulima, wafugaji na wavuvi, walitangaziwa kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Landrova kwamba kuanzia msimu ule hotuba zote za Serikali mkoani zitafuata utaratibu wa Warumi wa kale. Wananchi waliipokea taarifa hiyo kwa utulivu. Bei ya mahindi ilikuwa imeachwa huru, bei ya mbolea imeachwa huru, mtu akipitisha marobota ya mitumba pale mpakani Kasesya anaulizwa tu kama amechoka. Basi kama na Warumi nao sasa wameruhusiwa, watu waliona ni mambo ya kawaida ya siku zile.

Mwenye wazo hilo alikuwa Bwana Polikarp, Afisa Utamaduni, mtu mwembamba wa mwili na mnene wa maneno, aliyeamini kwa dhati kwamba nchi inakwenda mbele kwa sababu yupo mtu ofisini anayeiandikia ripoti. Na kwa nini Warumi? Tusifichane: alikuwa anaogopa. Waraka ulikuwa umeshuka kutoka Dar es Salaam kwamba wahisani wanataka Serikali ipungue, na kwamba Mheshimiwa Flavian, mwenye dhamana ya upunguzaji, atazunguka mikoani yeye mwenyewe kutangaza ofisi zinazofungwa. Kila ofisi ilitakiwa ioneshe inafanya nini. Ofisi ya Utamaduni ilikuwa na meza, ngoma mbili, moja imepasuka, na Polikarp. Alikikalia kiti kile tangu ujana wake na hakujua kazi nyingine yoyote chini ya jua. Hata shamba lake alilimiwa na mkewe.

Wakati huo huo mapadri wa misheni nao walikuwa wanapunguza, ila wao walipunguza vitabu. Wakampa sanduku moja. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha Mrumi fulani wa kale juu ya ufundi wa kuhutubia, katika matoleo matatu: la Kilatini lililochapwa Ujerumani, lenye tanbihi ndefu kuliko kitabu chenyewe, tafsiri ya Kiingereza, na tafsiri ya Kifaransa iliyopoteza jalada. Mtu mwingine angeona vitabu. Polikarp aliona kazi, na palipo na kazi sharti pawe na kamati.

Mwalimu Kristiana wa sekondari aliingia kwa ajili ya Kiingereza. Kilatini alipewa Teodori, aliyeacha seminari ili aoe. Alikisoma kwa sauti ya kumtoa mtu machozi, ila maana zake nyingi zilimtoka siku ya harusi. Na kwa kuwa miongozo ya soko huria ilitaka kila kamati iwe na mjumbe wa sekta binafsi, akaongezwa Limbu, Msukuma mchuuzi wa ng'ombe kutoka huko bondeni Ilemba, ambaye alihudhuria kwa sababu chai ilikuwa na maziwa.

"Haya matoleo yanapishana," Kristiana alisema katika kikao cha kwanza. "La Kiingereza linasema msemaji aanze kwa kuvuta nyoyo za watu. La Kilatini lina neno jingine, na huku chini wameandika kwamba wataalamu hawaelewani."

"Wataalamu gani?" Polikarp aliuliza.

"Wahariri. Mmoja Mjerumani, mmoja Mwingereza."

"Wamekaa kikao?"

"Bwana Afisa, huyu Mjerumani alikufa kabla babu yako hajazaliwa."

Polikarp aliwaandikia wote wawili, kupitia kwa wachapishaji wao, akiwataka wamalize tofauti zao ndani ya mwezi mmoja. Hawakujibu. Kamati ikachukulia kwamba wameridhia.

Kazi ilisonga vizuri. Tanbihi, kwa vile zilikaa chini ya ukurasa, ziliamuliwa kuwa zinawahusu watumishi wa ngazi za chini, zikarukwa. Pale tafsiri mbili zilipogongana, Kamati ilipitisha ya katikati, hata kama haikuwa na maana, kwa sababu ilikuwa ya haki. Toleo la Kifaransa halikujulikana na mjumbe yeyote. Likateuliwa kuwa mwangalizi, likakaa mezani mwanzo hadi mwisho bila kuingilia.

Sifa za Kamati zikafika Dar es Salaam, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mheshimiwa Flavian aliandika kwamba amefurahishwa mno, na kwamba hotuba ya kwanza ya Kirumi nchini ataitoa yeye, uwanjani Sumbawanga. Mada: kufungwa kwa Ofisi za Utamaduni za kanda nzima. Polikarp aliusoma ujumbe huo mbele ya wajumbe kwa sauti ile ile ya kusomea ajenda, lakini alipofika kwenye mada ilibidi anywe maji.

Limbu aliweka kikombe chini. "Yaani ng'ombe ni wewe, na kisu unanoa wewe?"

"Mtumishi wa umma hachagui kazi," Polikarp alisema. Ilimuuma, na kila mtu mle ndani aliona.

Wakaendelea na kitabu. Walipofika sura ya kushindana na wapinzani, matoleo yote yakakubaliana kwa mara ya kwanza, na mwangalizi hakutoa pingamizi: msemaji hodari huanza kwa kuzieleza hoja za upande wa pili, kwa nguvu zote, vizuri kuliko wenyewe wangezieleza. Akishazisimamisha zikasimama, ndipo anazivunja moja moja mbele ya watu.

Polikarp aliomba mwongozo Dar es Salaam: nani aandike hoja, nani aandike majibu? Ofisi ya Mheshimiwa ilijibu kwamba hoja ziandaliwe mkoani, maana wanaolalamika wako mkoani. Majibu Mheshimiwa atayatoa mwenyewe kwa kichwa. Mtu wa ngazi yake haandikiwi majibu.

Basi Polikarp akakaa kuandika. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwa amewahi kuandika kama alivyoandika siku zile. Hakuweka "kwa kuzingatia", hakuweka "kwa mujibu wa". Aliandika juu ya bibi mmoja wa kule Wampembe aliyeimba nyimbo za kuvutia nyavu, na ofisi ikafika na kuzinasa kwenye kanda kabla hajafa, na sasa wajukuu zake wanazijua. Aliandika kwamba ikiwa Serikali imenenepa, haikunenepea Sumbawanga. Ikapunguzwe kule ilikonenepea. Ianze na ofisi ya kupunguza, pamoja na yule anayezunguka na gari na dereva kutangaza kwamba hakuna fedha za gari wala dereva. Kristiana alipoisoma alimtazama, akasema tu, "Bwana Afisa, hii imesimama." Ukurasa uliofuata Polikarp aliuandika kichwa cha habari, MAJIBU YA MHESHIMIWA, na chini yake akaacha nafasi ya kutosha, kwa heshima.

Siku ilipofika upepo ulikuwa mkali kama kawaida ya Sumbawanga, na wazee walikaa mbele wamejifunika mablanketi. Mheshimiwa Flavian aliteremka garini ameshiba migebuka ya Ziwa Tanganyika, akapewa hotuba pale pale jukwaani. Hakuwa ameiona kabla. Wakubwa hawasomi hotuba mapema. Kufanya hivyo ni kuwatilia mashaka wasaidizi.

Alianza kwa kuvuta nyoyo, ikaenda vizuri. Kisha akaingia kwenye hoja za upande wa pili. Mheshimiwa alikuwa na sauti, hilo lazima tumpe. Alipofika kwa yule bibi wa Wampembe, mzee Baltazari aliyekaa mbele kabisa akachutama, akapiga makofi polepole, viganja vimekutana, na wazee wengine wakachutama naye. Asiye wa Ufipa angedhani ni shangwe tu. Lakini makofi ya namna ile ni mapokezi. Mzee akishalipigia neno lako makofi amechutama, amelipokea na ni lake. Ukitaka kulirudisha unamvunjia heshima mbele ya watoto wake.

Mheshimiwa yeye alisikia makofi, na makofi ndiyo chakula chake. Akaongeza sauti. Akasema Serikali haikunenepea Sumbawanga. Wakachutama safu mbili. Akasema ianze na ofisi ya kupunguza, akarudia bila kuombwa, mkono juu, na yule anayezunguka na gari na dereva. Uwanja mzima ukachutama, wanawake wakapiga vigelegele, na mtu wa redio akasogeza kinasa sauti karibu zaidi.

Mheshimiwa akafungua ukurasa.

"Sasa, ndugu wananchi," alisema. "Majibu."

Akautazama ukurasa, akaugeuza, akautazama mgongoni.

"Majibu yake ni kwamba," alisema, kisha akakohoa. "Ni kwamba, kwa kweli."

Upepo ulivuma. Hakuna aliyecheka wala kunong'ona. Walimsubiri kama anavyosubiriwa mgeni anayetafuta neno. Walisubiri mpaka mzee Baltazari akamwonea huruma.

"Imetosha, Mheshimiwa," alisema. "Tumepokea."

Wakachutama tena wote.

Jioni ile ile redio ilitangaza kwamba Serikali imeamua upunguzaji uanzie juu, na kwamba Mheshimiwa Flavian amejitolea kuwa wa kwanza. Wizara ilitafakari kukanusha. Lakini kukanusha kungemaanisha kwamba Serikali haijui inachosema, na wahisani walikuwa tayari wameshatuma pongezi. Walikuwa hawajawahi kuona afisa wa Kiafrika wala wa kwao akijifuta kazi hadharani kwa hiari. Ofisi ya upunguzaji ikafungwa kwa shukrani. Suala la Ofisi za Utamaduni likasitishwa, kwa vile hakukuwa tena na ofisi ya kulitekeleza.

Taarifa ilimkuta Mheshimiwa bado yuko mkoani. Gari lilichukuliwa pale pale, na dereva wake. Wageni wa mkoa wasio na mwenyeji ni wajibu wa Ofisi ya Utamaduni, kwa hiyo ni Polikarp aliyemsindikiza stendi kusubiri basi la Tunduma, akimbebea sanduku.

Walisimama kando ya mama mmoja aliyekuwa akiuza maharage ya kuchemsha.

"Bwana Polikarp," Flavian alisema. "Zile hoja mlizitoa toleo lipi? La Kilatini?"

"Hazimo katika toleo lolote, Mheshimiwa. Kitabu kinasema ziandikwe kwa nguvu zote. Niliandika ninayoyaamini."

Flavian alitikisa kichwa polepole. Basi lilikuwa linaingia, utingo akining'inia mlangoni.

"Na majibu yake?" aliuliza. Safari hii aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. "Majibu yake yalikuwa nini?"

Polikarp alimkabidhi sanduku lake.

"Sisi tulidhani unayo, Mheshimiwa."